Nani Alisema Atomu Hazisemeki kwa Kiswahili?

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua matini moja ya Kiingereza, aitafsiri kwa Kiswahili na kuandika ufafanuzi juu ya matatizo aliyokutana nayo. Wenzangu walichagua hadithi fupi, tangazo la benki, hotuba ya waziri, maelezo ya dawa ya malaria. Mimi nilichagua makala ya kisayansi niliyopewa na rafiki yangu anayesoma kemia. Makala hayo yalieleza jinsi molekuli za maji zinavyojipanga zikiingia ndani ya mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita moja hivi. Pendekezo langu lilirudishwa likiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Chagua matini inayofaa lugha."

Niliinua mkono, nikauliza kwa adabu ni matini ipi isiyofaa lugha. Nikajibiwa, mbele ya darasa, kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi, ya malezi na ya biashara, na kwamba mambo ya atomu yana lugha yake. Darasa likacheka kidogo. Nikakaa. Nikatafsiri hotuba ya mahafali, nikapata alama nzuri, na alama zile zinaniuma mpaka leo.

Makala haya ni jibu langu. Sitaji jina la mtu wala la chuo, kwa sababu ugomvi wangu ni na kauli ile, na kauli ile nimeisikia kwa watu wengi. Nimeisikia hata kwa wenzangu wanaovaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Nitaijibu kwa utaratibu ninaouona kuwa wa haki: kwanza nitalieleza jambo lenyewe kwa Kiswahili, msomaji aamue mwenyewe kama ameelewa au hakuelewa. Kubishana kutafuata baadaye.

Nianze na nyumba. Nimekulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, ndani ya uniport. Kwa msomaji asiyeijua, uniport ni kibanda cha mviringo cha mabati, chumba kimoja, paa lake limechongoka kama kofia. Tulikuwa watu sita: baba, mama na watoto wanne. Ukiwa na chumba cha mraba unaweza kubishana kitanda kikae wapi. Ndani ya uniport hakuna ubishi mkubwa. Ukuta umejikunja, kwa hiyo vitanda, masanduku na madumu ya maji vinafuata ukuta, vikitengeneza duara. Tulipokuwa wadogo, katikati palibaki nafasi, na mmoja wetu alilala hapo juu ya mkeka. Tulipokua, miguu ikarefuka, ile nafasi ya katikati ikafungwa, na mpangilio wote ukabadilika. Nyumba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wetu ukilinganishwa na ukubwa wa nyumba.

Mtu aliyelala katika chumba cha namna hiyo kwa miaka kumi na minane ana nusu ya fizikia ninayotaka kuieleza.

Kaboni tunaijua sote. Ndiyo iliyojaa ndani ya makaa tunayopikia, na ndiyo iliyo kwenye ncha ya penseli. Katika penseli, atomu za kaboni zimepangwa katika tabaka nyembamba sana, kila tabaka likiwa na umbo la wavu wa pembesita, kama waya wa banda la kuku. Chukua tabaka moja tu la wavu huo, ulikunje mpaka kingo zake mbili zishikane. Umepata mrija wa kaboni. Upana wake ni nanomita moja au mbili, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa kichwa chako una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwaka 1991, Sumio Iijima wa kampuni ya NEC huko Japani alitumia hadubini ya elektroni kuonyesha mirija iliyoingia ndani ya mirija mingine, na mwaka 1993 kundi lake na kundi jingine la IBM Marekani, kila moja kivyake, wakatangaza mirija ya ukuta mmoja.

Swali lililofuata ni lile ambalo mtoto yeyote angeuliza: ndani ya mrija huo mnaingia nini, na kikiingia kinakaaje?

Mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliona ndani ya mirija hiyo vijimpira vya kaboni vilivyojipanga mstari mmoja, kama njegere ndani ya ganda lake. Kila kijimpira kina atomu 60 za kaboni na umbo lake ni la mpira wa miguu. Upana wa kijimpira ni nanomita 0.7, na mirija iliyowabeba vizuri ilikuwa na upana wa nanomita 1.4 hivi. Mtu anaweza kudhani kwamba ndani ya mrija wa 1.4 vitapita viwili viwili vya 0.7, ubavu kwa ubavu. Havipiti. Vipimo hivyo vyote vinahesabiwa kutoka kitovu cha atomu hadi kitovu cha atomu, na kila atomu ina wingu la elektroni linalokataa kusogelewa. Kati ya kijimpira na ukuta hubaki nanomita 0.35 hivi kila upande. Jumlisha: 0.35, 0.7, 0.35. Jibu ni 1.4. Hesabu hiyo inafanywa na mtoto wa shule ya msingi, na nimeiandika kwa Kiswahili bila jasho. Mrija ukiwa mpana zaidi, vijimpira huacha mstari ulionyooka, vikajipanga kwa kupishana kushoto na kulia, na ukizidi kupanuka vinaweza kujisokota kama kamba.

Chumvi nayo ina mambo yake. Katika fuwele ya kawaida ya iodidi ya potasiamu, kila atomu imezungukwa na majirani sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Mwaka 2000 watafiti wa Oxford na wenzao walitangaza picha za fuwele hiyo ikiwa ndani ya mrija wa kaboni, na kwenye mrija mwembamba fuwele ilikuwa na unene wa atomu mbili tu. Hapo kila atomu imebaki na majirani wanne. Ni chumvi ile ile, lakini imeishi maisha mengine kwa sababu ya ukuta.

Sasa maji, ambayo ndiyo yaliyonifukuzisha darasani kwa heshima. Katika kikombe cha kawaida, kila molekuli ya maji hushikana na wenzake kama wanne kwa vifungo vya hidrojeni, ikiachia huyu na kumshika yule bila kupumzika. Mwaka 2001 Gerhard Hummer na wenzake walitangaza uigaji wa kompyuta: mrija mfupi wa kaboni, upana nanomita 0.81, urefu nanomita 1.34, umezamishwa ndani ya maji. Ukuta wa kaboni hauyapendi maji, kama jani la gimbi lisivyoshika tone la mvua, kwa hiyo ungetegemea mrija ubaki mtupu. Haukubaki mtupu. Molekuli kama tano ziliingia na kupanga foleni moja, kila moja ikimshika wa mbele na wa nyuma, basi. Zimepoteza nusu ya vifungo vyake, lakini vile vilivyobaki vimekingwa na msukosuko wa nje. Ajabu zaidi, walipopunguza kidogo tu mvuto kati ya kaboni na maji, mrija ukawa mara umejaa, mara umekauka, ukibadilika ghafla kati ya hali hizo mbili.

Mwaka huo huo, Koga, Tanaka na wenzao walionyesha kwa kompyuta kwamba katika mirija yenye upana wa nanomita 1.1 hadi 1.4, chini ya kanieneo kubwa, maji huganda na kuwa barafu isiyopatikana mahali pengine popote. Ni barafu iliyo na umbo la mrija ndani ya mrija: pete za molekuli zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika mrija mwembamba pete ina pembe nne, ukipanuka kidogo tano, kisha sita, kisha saba. Mwaka uliofuata, kundi la Maniwa huko Tokyo likaleta ushahidi wa eksirei kwamba maji yaliyofungiwa hivyo kweli hujipanga kwa pete. Na mwaka 2017 kundi la Michael Strano la MIT lilitangaza kwamba katika mrija wa nanomita 1.05 maji yaliacha hali yake ya ugumu kwenye joto lililo kati ya nyuzi 105 na 151 za Selsiasi, yaani juu ya kiwango ambacho maji ya sufuria huchemkia. Katika mrija wa nanomita 1.06 kiwango hicho kilikuwa kati ya nyuzi 87 na 117. Tofauti ya upana ni sehemu moja ya mia ya nanomita, ndogo kuliko atomu yenyewe, na maji yameiona.

Hapo nimefika mwisho wa maelezo. Msomaji, kama umeelewa, kauli ya "mambo ya atomu yana lugha yake" imekwisha kuanguka, na yaliyobaki ni kuiondoa njiani. Kama hukuelewa, tafadhali jiulize ni neno gani la Kiswahili lililokuzuia. Nadhani utakuta kilichokuzuia ni wazo lenyewe, na wazo hilo lingekuzuia hata kwa Kiingereza, isipokuwa kwa Kiingereza ungeona haya kukiri.

Nina shahidi mmoja. Jioni nyingi, nyuma ya mstari wetu wa uniport, wazee wa kambi hukaa kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mama yangu ni Mteso, na kwao malwa huitwa ajon. Aliacha shule baada ya darasa la saba. Baada ya pendekezo langu kukataliwa nilikuwa na hasira, nikamweleza yote haya, kwa Kiswahili cha kambini, huku nikionyesha kwa mrija uliokuwa mkononi mwa jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na huo mrija ukiwa mpana kidogo, hayo maji yanakaa namna gani?"

Hilo ndilo swali ambalo Koga na wenzake walijiuliza. Darasani kwetu hakuna aliyeliuliza, kwa sababu darasani mjadala uliishia kwenye lugha kabla ya kufika kwenye maji. Kisha mama akauliza la pili: "Na nani anayapanga?" Nikamjibu kwamba hakuna anayeyapanga. Kila molekuli inavutwa na wenzake, inasukumwa na ukuta, inatikiswa na joto, na mpangilio unaobaki ni ule ambao hesabu ya nguvu zote hizo inaukubali. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi si kama sisi. Sisi ni mimi niliyewapanga."

Ana haki, na hapo mfano wangu wa uniport unakoma. Nautaja ukomo huo kwa makusudi, kwa sababu ugonjwa mmoja wa sisi wanafunzi wa Kiswahili ni kutojua mfano ukome wapi. Tukipewa jambo la sayansi, mara moja tunalitafutia methali. Tukisikia molekuli zimeshikana foleni, tunaandika aya nzima juu ya umoja ni nguvu. Tukisikia maji yamebadilika yalipobanwa, tunasema mtu mwema huonekana wakati wa dhiki. Maji hayana dhiki. Hayatufundishi umoja, subira wala uzalendo. Kama tunataka watu waache kusema kwamba lugha yetu ni ya methali tu, nasi tuache kuikimbizia kila kitu kwenye methali. Kuna uzuri wa kutosha katika pete yenye pembe tano ndani ya mrija wa kaboni bila sisi kuipachika fundisho.

Najua pia kwamba wasomaji wengine wamekaa wakisubiri niseme kuwa Kiswahili nacho hapa Uganda kimebanwa kambini, kama maji ndani ya mrija. Ni mfano mtamu, nami siutaki, kwa sababu si wa kweli. Maji yalipangwa na hesabu ya nguvu isiyo na mwenyewe. Kiswahili kilipangwa na watu, na watu hao wana majina na tarehe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu, na Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa sababu zake, ambazo zilikuwa na uzito: alihofia Luganda na nafasi ya Buganda. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa watu wengi lugha hiyo ikabaki na harufu ya bunduki. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yaliifanya lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge lingeyaweka kisheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha tena kwamba ni lugha rasmi. Orodha hiyo nzima ni ya maamuzi ya watu. Kilichoamuliwa na watu kinaweza kuamuliwa upya na watu, na uamuzi mdogo kabisa kati ya hayo yote ni wa mhadhiri anayeshika kalamu nyekundu.

Niingie sasa kwenye hoja za upande wa pili, kwa kuwa si zote dhaifu.

Hoja ya kwanza ni ya istilahi: Kiswahili hakina maneno. Mwaka 1990 TUKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Kanieneo niliyoitumia hapo juu ni neno la fizikia ya Kiswahili lililokwisha kuzoeleka, na atomu, molekuli na elektroni yana makao yake ya kudumu. Mirija ya kaboni usiitafute katika kamusi ile: ilitoka mwaka mmoja kabla ya ripoti ya Iijima. Basi tufanye nini, tusubiri kamati? Mimi nimesema "mrija". Mwingine anaweza kupendelea "neli", neno linalojulikana katika maabara za shule Tanzania, na sitagombana naye. Nimechagua mrija kwa sababu mama yangu anaujua, umbo lake ni lile lile, na kazi yake ni kupitisha kimiminika. Wanaoandika kwa Kiingereza nao walipoona vile vijimpira vya Pennsylvania hawakuita baraza. Walichukua jina la ganda la njegere kutoka bustanini. Neno linazaliwa pale mtu anapokuwa na jambo la kusema na mtu wa kumwambia. Tukikataza jambo lisisemwe, kisha tukalalamika kwamba neno halipo, tumefunga mlango na kumlaumu mgeni kwa kutoingia.

Hoja ya pili nzito zaidi: hata ukisema, nani atasoma? Hapa nitampa mpinzani wangu silaha ambayo yeye mwenyewe hakuitumia. Mwaka 1952, karibu miaka arobaini kabla ya Iijima, Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walichapisha katika jarida la Kirusi la kemia-fizikia picha za nyuzi za kaboni zilizo wazi ndani. Makala yao hayakusomwa sana nje ya Urusi. Lugha na uhasama wa Vita Baridi viliyafunika. Mpinzani anaweza kusema: ndiyo hayo, ukiandika sayansi kwa lugha isiyosomwa na dunia, unajizika.

Nakubali nusu. Anayetaka ugunduzi wake ujulikane duniani kote leo atauandika kwa Kiingereza, na simshauri rafiki yangu wa kemia afanye vingine. Lakini tazama nusu ya pili. Wale Warusi waliona walichokiona. Kirusi hakikuwazuia kuona; waliozuiwa ni wasomaji ambao hawakujua Kirusi. Na tazama majina niliyoyataja: Iijima, Koga, Tanaka, Maniwa. Japani ina vitabu vya kemia na fizikia kwa Kijapani, kuanzia shuleni hadi chuo kikuu, na mwanafunzi wa Kijapani hufika kwenye Kiingereza cha majarida akiwa tayari anajua molekuli ni nini. Kiingereza kwao ni lango la kutokea. Kwetu tumekifanya lango la kuingilia, kisha tunashangaa kwa nini wengi wamebaki nje.

Tanzania yenyewe, ambayo sisi wa Kampala huitazama kama mama wa Kiswahili, haijalimaliza jambo hili. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Shule ya msingi ya umma hufundisha kwa Kiswahili, sekondari inageuka Kiingereza, na mtoto anavuka ukuta huo akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, wakati ambapo ndipo anakutana na atomu kwa mara ya kwanza kwa uzito. Kwa hiyo simlaumu mhadhiri wangu kana kwamba yeye ndiye aliyebuni kauli ile. Ameirithi. Ninachomlaumu nacho ni kuirithisha.

Hoja ya tatu huja kwa sauti ya huruma: mtu wa kawaida ana haja gani na mirija ya kaboni? Mfundisheni kwanza kunawa mikono. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba maji yanayopita katika vitundu vidogo sana ni jambo la mtu wa kawaida kuliko wengine wote. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza katika jarida la Science kwamba maji hupita kwenye mirija ya kaboni yenye upana chini ya nanomita mbili kwa kasi iliyozidi sana makadirio ya hesabu za kawaida, na tangu hapo wengi wanatafuta namna ya kuitumia kuchujia maji na kuondoa chumvi. Huko Arusha, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na nanomata, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Si mirija ya kaboni, lakini ni ujirani ule ule wa vitu vidogo. Chujio hilo linatumika katika nchi inayozungumza Kiswahili. Mnunuzi akiuliza linafanyaje kazi, ajibiwe kwa lugha gani?

Jibu la pili ni fupi. Mama yangu hakuwa na haja na mirija ya kaboni. Aliuliza swali zuri bila kuwa na haja. Kuamua kabla kwamba watu fulani hawana haja ya kujua ni dharau, hata ikisemwa kwa upole.

Sasa, ninataka nini? Sitaki maandamano wala azimio. Nataka mambo matatu ambayo idara yoyote ya Kiswahili katika mji huu inaweza kuyafanya muhula ujao bila fedha.

Mosi, somo la tafsiri liwe na matini moja ya lazima ya sayansi, yenye vipimo na hesabu ndani yake. Mwanafunzi aliyetafsiri hotuba tano hajajifunza kilicho tofauti katika ya sita. Mwanafunzi aliyepambana na tofauti ya 1.05 na 1.06 amejifunza kwamba neno "kama" na neno "hivi" yana uzito, na kwamba tafsiri ikikosea tarakimu moja barafu inayeyuka.

Pili, mwanafunzi wa Kiswahili akae na mwanafunzi wa sayansi. Mimi bila rafiki yangu nisingejua kwamba upana hupimwa kutoka kitovu hadi kitovu. Ningeandika upuuzi mzuri. Yeye bila mimi, kama alivyokiri mwenyewe, hakuwahi kumweleza mtu wa nyumbani kwao anasoma nini. Alidhani haiwezekani. Tulikaa jioni tatu, tukafika mwisho wa makala.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wanafunzi, tuache kukusanya istilahi kama stempu. Nimeona tasnifu zenye orodha ya maneno mia mbili ya kisayansi ambazo mwandishi wake hawezi kukueleza hata moja. Istilahi isiyo na sentensi nyuma yake ni kibao cha mtaa usiokuwepo.

Kwa mwalimu wangu, ambaye najua atayasoma haya na atajitambua, nasema kwa heshima: uliniambia nichague matini inayofaa lugha. Nimekaa na maneno hayo miezi mingi na bado sijaona matini isiyofaa. Nimeona tu matini nisiyoijua, nikaenda kuijua. Muhula huu ninaandika pendekezo la tasnifu yangu ya mwisho. Ni tafsiri ya makala yale yale, pamoja na ufafanuzi, na nimeambatanisha kurasa nne za kwanza zikiwa tayari zimetafsiriwa, ili safari hii mjadala uanze kwenye maji. Ukiona kosa la Kiswahili, nitalirekebisha. Ukiona kosa la kemia, rafiki yangu yuko tayari kuja darasani. Ukiona kwamba sentensi haieleweki, niandikie ni ipi. Lakini ukiirudisha tena na ule mstari mmoja mwekundu, nitaomba uniandikie chini yake neno moja la nyongeza: kwa nini.